Mwanangu rubani kaajiriwa Marekani, mbona kapangiwa kituo mbali na kwake?

BiMwalimu_Ujiji:

Assalaam alaykum na habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Ujiji. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, ila maneno ni yangu mwenyewe, hivyo mnivumilie nikirefusha.

Nina kijana wangu wa tatu, yuko Marekani huu mwaka wa kumi na sita. Alianza kwa kufundisha watu kurusha vindege vidogo, akaingia kampuni ya ndege za abiria sabini na kitu, na mwezi uliopita akachukuliwa na shirika kubwa. Siku aliyonipigia nilikuwa Kibirizi nachagua dagaa. Niliweka kapu chini, nikakaa juu ya gogo pale pale, nikalia. Muuza dagaa akadhani nimefiwa.

Furaha ile haikumaliza wiki tatu. Kijana anaishi Houston na mkewe, na mkewe ana mimba ya miezi saba. Juzi kapiga simu usiku, sauti iko chini: "Mama, nimepangiwa New York." Mjukuu akanitafutia kwenye ramani. Kutoka Houston hadi New York ni kilomita zaidi ya 2,200, karibu mara mbili ya reli yetu yote ya kutoka Dar mpaka Kigoma.

Mambo ya kupangiwa kituo nayajua mimi. Nilipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1981 nilipangiwa shule moja kule Kakonko, wakati huo bado ni wilaya ya Kibondo. Nilikwenda na sanduku la bati, godoro la sufi na taa ya chemli, nikamwacha mama yangu mgonjwa hapa Ujiji. Barua ilikuwa imeandikwa tu "unatakiwa kuripoti". Hakuna aliyeniuliza ninakaa wapi wala nina nani. Kwa hiyo kijana aliposema New York, roho yangu ilirudi kwenye lile sanduku.

Sasa hapa mtaani kila mtu ana lake. Jirani anasema ni kwa kuwa ni mgeni. Mwingine anasema ni rangi yake. Shemeji yangu anasema kuna mkono wa mtu. Nilipomuuliza mwenyewe akasema, "Mama, ni namba yangu tu." Namba gani? Elfu kumi na sita na mia kadhaa. Nikamwambia hongera basi, hiyo si namba kubwa? Akasema hapana, kule namba kubwa ndiyo mkia. Kisha akaitwa darasani, simu ikakatika.

Naomba mwenye kujua anieleze. Hii namba ni kitu gani? Nani anaipanga? Je, mkewe afungashe vyombo na mimba ile wahamie New York? Na kuna mtu wa kumwona ili arudishwe karibu na nyumba yake?

Mwana_Gungu:

Shikamoo mama. Mimi naona hapo kuna kitu. Kila ofisi duniani ina mtu wa kuongea naye, kijana asikae kimya. Wasipomsikiliza aache, arudi nyumbani, ndege tunazo siku hizi.

MzeeWaNgambo_Tabora:

Mwalimu, salaam kutoka Ng'ambo, Tabora. Nimerusha ndege za abiria Marekani miaka mingi mpaka nilipotimiza 65, umri ambao sheria ya kule inakuondoa kwenye usukani wa ndege za mashirika hata kama mwili bado unadai. Sasa niko nyumbani. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako nililiulizwa na mama yangu mzazi, na sikumjibu vizuri.

Nianze na linalokuumiza. Kijana wako hajaadhibiwa, na hakuna mkono wa mtu. Naomba pia, kwa heshima zote, usimpelekee ushauri wa kijana wa Gungu. Hakuna mtu wa kumwona. Na akiacha kazi, hata akiajiriwa na shirika jingine kubwa kesho yake, anaanza upya mwisho wa foleni.

Foleni hiyo ndiyo namba. Shirika kubwa la kule lina orodha moja ya marubani wake wote, na wako zaidi ya 15,000. Namba 1 ni aliyekaa kuliko wote. Siku unayoanza darasa la waajiriwa wapya ndiyo siku yako ya kuzaliwa kazini, na hapo unaandikwa mkiani. Mnaoanza siku moja lazima mpangwe ninyi kwa ninyi. Mashirika mengine huangalia umri, mkubwa anatangulia. Mengine huangalia tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ambayo kila mfanyakazi kule anayo, na hiyo ni bahati tupu. Baada ya hapo husogei kwa kusifiwa wala kwa kujuana. Unasogea mtu wa mbele yako akistaafu, akiacha kazi au akifariki.

Namba hiyo inaamua kituo chako, ndege utakayorusha, utakaa kiti cha kulia cha rubani msaidizi au cha kushoto cha kapteni, likizo utapata mwezi gani, na kama Idi itakukuta nyumbani au hotelini. Haiulizi nani anatua vizuri zaidi. Wapo wanaoona hiyo ni dhuluma kwa wenye kipaji. Mimi naiona ni haki, na nitaitetea mpaka kaburini. Nimefanya kazi sehemu ambapo bosi mmoja alikuwa anapanga nani aende wapi, na nimeona watu wazima wakibeba mifuko ya bosi ili wapangiwe vizuri. Kwenye orodha hakuna kubeba mfuko wa mtu. Kila rubani anaiona, na chama cha marubani kinailinda kama mboni ya jicho.

Sasa nikueleze siku yenyewe ilivyo, maana najua mwanao hakupata nafasi ya kukusimulia.

Ilikuwa mwaka 2007. Nilikuwa na miaka 48, nyumba yangu ilikuwa Dallas. Darasani tulikuwa 24. Siku ya tatu akaingia mama mmoja wa ofisi ya mipango na karatasi moja. Ilikuwa na nafasi 24 kamili: New York 15, Los Angeles sita, Chicago tatu, na kando ya kila moja aina ya ndege. Dallas haikuwamo kabisa. Kwetu walifuata umri, na mimi ndiye niliyekuwa mzee kuliko wote, kwa hiyo nikaitwa wa kwanza. Wenzangu walinipigia makofi kama nimeshinda kitu. Lakini Mwalimu, hata wa kwanza darasani anachagua katika makombo: zile nafasi ambazo maelfu waliotangulia wamezitazama na kuziacha. Nikachukua Chicago kwa sababu ndege za kutoka Dallas ni nyingi.

Jirani yangu wa dawati alikuwa kijana wa miaka 26, kwao Los Angeles, mchumba wake yuko huko. Alikuwa ameandika Los Angeles kwenye daftari na kuipigia mistari miwili. Nafasi zikaanza kuisha. Ya sita ilipochukuliwa, alikuwa bado hajaitwa. Alilaza kidole gumba juu ya lile neno akalisugua taratibu. Ilikuwa penseli, ikabaki doa la kijivu. Alipoitwa jina alisema "New York" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile ndiyo aliyoitaka.

Kwa nini New York kila mara? Kwa sababu wenye namba nzuri hawaitaki. Kodi ya nyumba ni kali, anga limesongamana, theluji inachelewesha safari mpaka unasahau saa. Wakongwe wakihama, nafasi zinabaki wazi, na wazi hujazwa na wapya. Miaka yangu yote kule, New York ndiyo ilikuwa mlango wa kuingilia kwa wengi. Ndiyo maana nasema si rangi wala ugeni. Mzungu aliyezaliwa Texas akiwa na namba ya mwanao, naye anakwenda New York.

Kuhusu mkwe kufungasha: asifungashe kwanza. Kituo si lazima uishi hapo. Kituo ni pale safari yako inapoanzia na kuishia. Rubani akipewa safari ya siku nne, anaripoti New York, anazunguka huko na kule akilala hoteli za kazini, anarudi New York, ndipo anakuwa huru kwenda kwake. Marubani wengi sana wanaishi mji mwingine na kituo, na wanapanda ndege kwenda kazini kama watu wanavyopanda basi. Hawalipi nauli, kukiwa na kiti kinachobaki wanapanda, na kama hakuna, wanaomba kile kiti cha akiba ndani ya chumba cha marubani, hata kwenye ndege za shirika jingine. Ila shirika halimpi muda wala fedha kwa safari hiyo. Kufika kituoni ni juu yake. Ndege ikijaa au ikichelewa, kosa ni lake.

Na hapa ndipo ninapotaka umsikilize vizuri mwanao, Mwalimu. Rubani mpya hapati ratiba ya maana mwanzoni. Anakuwa wa akiba. Anakaa karibu na uwanja akisubiri simu, na wakimpigia, mara nyingi anatakiwa awe ameripoti ndani ya saa mbili hivi. Kwa saa mbili huwezi kufika kutoka Houston. Kwa hiyo wale wa mbali hukodi kitanda. Si chumba, kitanda. Kuna nyumba za namna hiyo New York, mtaa wa Kew Gardens pale Queens unajulikana sana kwa hilo, kwa kuwa viwanja viwili vikubwa viko jirani. Vitanda vya juu na chini, marubani na wahudumu wa ndege wanapokezana, kila mtu na shuka lake kwenye mfuko wenye jina. Mimi kwangu Chicago nililala kitanda cha juu karibu na bomba la maji ya moto miezi 14. Naikumbuka harufu yake mpaka leo.

Kitanda hicho mwanao akilipie hata kama mfuko unauma. Februari 2009 ndege aina ya Dash 8 Q400, aina ile ile inayotua hapa kwetu Tabora na kwenu Kigoma, iliondoka Newark, ng'ambo tu ya New York, ikaanguka karibu na Buffalo. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja nyumbani kwake ardhini. Ndege haikuwa na hitilafu. Kasi ilishuka, ndege ikamwonya kapteni, naye akavuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Lakini wachunguzi walipofuatilia walikuta kapteni anaishi Florida, na msaidizi wake, binti wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, akibadilisha ndege Memphis, ili awahi kazini. Wote wawili walijinyoosha kwenye chumba cha wafanyakazi pale uwanjani. Wachunguzi wakasema uchovu huenda ulichangia. Baada ya hapo sheria zilibadilishwa: tangu 2013 rubani msaidizi wa abiria anatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka kwa kawaida, na Januari 2014 zikaanza kanuni mpya za mapumziko. Lakini hakuna sheria inayomlaza mtu kitandani usiku wa kabla ya kazi. Hilo linabaki kwake.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa treni, Tabora–Kigoma. Akifika Kigoma alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mapumziko ya madereva, hapiti kwa ndugu, hapiti sokoni. Migebuka alinunua akishaamka. Nilikuwa nadhani ni ukali wake tu. Nimekuja kumwelewa nikiwa na abiria 160 nyuma yangu.

Kuhusu kurudi Houston: kila shirika lina mfumo wa maombi ya kuhama. Anaandika vituo anavyotaka kwa mpangilio, ombi linakaa humo. Nafasi ikitokea, mfumo unashuka kwenye orodha kuanzia juu, wa kwanza aliyeiomba anaipata. Siwezi kukuambia lini. Wakati mashirika yanaajiri kwa wingi foleni inakwenda mbio, kwa sababu kila mpya anayeingia yuko chini yake. Uchumi ukianguka inasimama, na ikirudi nyuma wanaoanza kutolewa ni wa mkiani. Mimi nilipunguzwa mwishoni mwa 2008, nikaitwa tena 2011. Miaka ile niliendesha lori. Namba yangu ilinisubiri, na hilo nalo ni faida ya orodha.

Binti_wa_Kasulu:

Shikamoo Bi Mwalimu, shikamoo Mzee. Mimi ni rubani pia, ila wa hapa hapa. Narusha Caravan, ile ya injini moja, kituo changu sasa ni Mwanza. Nimesoma jibu la Mzee mara mbili, nimeona wivu kidogo.

Kwetu kampuni ndogo hazina orodha. Msimamizi wa safari anakupigia jioni: kesho uko Arusha. Mimi niliambiwa miezi mitatu tu msimu wa watalii, ikawa miaka miwili na nusu. Mama yangu alikuwa anaumwa Kasulu, nikaomba kusogezwa Mwanza mara nne. Aliyekuja nyuma yangu akapelekwa Mwanza kabla yangu. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa "mahitaji ya kampuni". Ningekuwa na namba, hata iwe ya mwisho, ningejua nasubiri nini.

Kwenye mashirika mengine hata swali la kituo halipo. Emirates ni Dubai, Qatar Airways ni Doha, Ethiopian ni Addis Ababa, Kenya Airways ni Nairobi. Unahamia, basi. Ryanair kule Ulaya wana vituo nchi nyingi, unaandika unavyopenda lakini shirika ndilo linaamua. Kwa hiyo mama, kijana wako kuweza kuishi Houston huku kituo ni New York, huo ni uhuru ambao wengi wetu hatuna.

BiMwalimu_Ujiji:

Marahaba mwanangu wa Kasulu, na pole sana kwa mama. Mzee wa Ng'ambo, Mungu akulipe. Nimemsomesha mjukuu jibu lako kwa sauti, shemeji yangu akiwepo, akanyamaza.

Kijana kapiga leo alfajiri. Nikamuuliza swali moja kwanza: "Una kitanda?" Kimya. Kisha akasema alikuwa anapanga kuruka usiku kutoka Houston na kupumzika kwenye makochi ya uwanjani, miezi ya mwanzo tu, ili fedha zibaki kwa ajili ya mtoto. Mzee, nilihisi baridi. Nikamsimulia habari za Buffalo kama ulivyonieleza. Akasema, "Mama, hiyo tumefundishwa darasani wiki iliyopita." Nikamjibu kwamba kufundishwa nimewafundisha watu miaka 37, najua tofauti ya aliyesikia na aliyeshika. Ameniahidi atakodi kitanda kabla ya kumaliza mafunzo. Mkewe atabaki Houston, dada yake atakuja kukaa naye.

Limebaki moja. Mtoto atazaliwa yeye akiwa bado mgeni kazini. Ataruhusiwa kwenda?

MzeeWaNgambo_Tabora:

Umenifurahisha sana Mwalimu, kwa hilo swali la kitanda.

Kuhusu kuzaliwa kwa mtoto, likizo ya familia ya sheria ya taifa kule inamtaka mtu awe amefanya kazi miezi 12, kwa hiyo hiyo hataipata. Lakini kila kituo kina rubani mkuu wake, na kazi yake mojawapo ni mambo kama haya. Aende mwenyewe, mapema, aseme tarehe. Na aongee na mwakilishi wa chama. Kama atakuwa bado kwenye mafunzo ya simuleta, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege, aseme kabla ratiba haijapangwa, kwa sababu ikishapangwa kuibadilisha ni kazi. Wengi wanaogopa kusema kwa kuwa wako kwenye mwaka wa majaribio. Kwa jambo la mtoto sijawahi kuona aliyefukuzwa.

Na mwambie aweke ombi la Houston sasa hivi, hata kama anajiona yuko mbali. Nimeona watu wakikata tamaa wakaacha kuomba, nafasi ikafunguliwa, ikaenda kwa mwenye namba mbaya kuliko zao.

BiMwalimu_Ujiji:

Nimempelekea. Amejibu kwamba ombi ameshaliweka, na mfumo unaonyesha watu 212 wako mbele yake wanaoitaka Houston. Nimechukua chaki nikaandika 212 nyuma ya mlango wa jikoni. Kila akipiga nitamuuliza, nifute, niandike mpya.